Furungu la Fedha

Ukivuka Likoni ukashika njia ya kusini, ukapita Waa na Tiwi, ukafika Diani, kisha Gazi na Msambweni, na mwisho Vanga karibu na mpaka wa Tanzania, utaona mengi ambayo wageni hutoka nchi za mbali kuja kuyatazama: mchanga mweupe, minazi iliyoinamia bahari, na mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba. Lakini kipo kitu kingine ambacho mgeni hakioni, na huenda hata wewe, msomaji, hujakiona ijapokuwa kimo nyumbani kwenu. Kimo ndani ya kasha, chini ya leso zilizokunjwa, kimefungwa katika kitambaa. Ni pambo la fedha la bibi yako, au la mama yake bibi yako: furungu la mguuni, kikuku cha mkononi, jasi la sikio, au kipande cha mkufu uliokatika zamani. Kitu hicho ni kidogo, lakini kimebeba habari za karne nyingi za pwani hii, nami nataka kukusimulia baadhi ya habari hizo.

Siku moja nilikuwa nimeketi katika duka la sonara, katika mji mmoja wa pwani hii, nikingoja pete yangu itengenezwe. Akaingia bibi mmoja mzee pamoja na mjukuu wake, kijana aliyevaa sare ya shule. Bibi akafungua pindo la leso yake, akatoa mafurungu mawili ya fedha, akayaweka juu ya meza. Sonara akayatia katika mizani.

"Bibi," akasema kwa adabu, "fedha yako ni njema. Lakini mimi hununua uzito. Nakshi sinunui."

Yule bibi akamjibu, "Mwanangu, mimi nilipewa nakshi. Uzito wake nimeujua leo."

Nitakuambia baadaye jinsi mambo yalivyokwisha. Kwanza yakupasa ujue ni nini kilichokuwa katika mizani ile.

Furungu ni pete kubwa, nene, inayovaliwa juu ya kifundo cha mguu. Jina lake ni jina pia la tunda moja kubwa la jamii ya machungwa. Mtali nao ni wa mguuni, ila ni mwembamba zaidi. Mkononi kulikuwa na vikuku na bangili za namna nyingi: kekee iliyo pana na bapa, timbi, na banagiri yenye vichomozo butu kandokando. Shingoni kulikuwa na mkufu na kidani. Puani kipini, kishaufu au hazama. Katika sikio la mwanamke wa zamani palikuwa na kazi kubwa kuliko pote, maana ndewe ilitobolewa, na tundu likapanuliwa kidogo kidogo mpaka likaweza kupokea jasi, yaani kisahani cha mviringo cha fedha, au hata cha karatasi ya rangi iliyoviringwa kwa ustadi. Ukingo wa juu wa sikio nao ulitobolewa matundu kadhaa ya kutundikia vipuli. Zamani maneno haya yalijulikana na kila mtoto wa kike wa mjini. Leo mengi yao yamelala katika kamusi za karne ya 19, kama zile za wamisionari Krapf na Steere, na huko hakuna anayeyaamsha isipokuwa wanafunzi wa lugha.

Usidhani kwamba mapambo yaliletwa pwani hii na majahazi. Mwanadamu alijipamba hapa kabla ya jahazi la kwanza kuundwa. Katika Panga ya Saidi, pango lililoko Kilifi upande wa kaskazini, wachimbuzi walipata ushanga uliotengenezwa kwa gamba la konokono wa baharini, nao umekadiriwa kuwa na umri wa miaka 65,000 hivi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2018. Upande wetu wa kusini tunayo habari nyingine iliyo mpya zaidi kwa umri lakini si ndogo kwa maana. Mwaka 1966 mchimbuzi Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale akapata vigae vya vyungu vya watu waliojua kulima na kufua chuma, waliokaa katika vilima hivi kiasi cha karne ya 2 au ya 3. Mtindo wa vyungu hivyo umepewa jina la Kwale, na kwa jina hilo wataalamu huutambua katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki.

Nataja chuma kwa sababu maalumu. Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyesafiri katika bahari hii mara yake ya mwisho karibu na mwaka 916, aliandika kwamba watu wa nchi ya Zanji walijipamba kwa chuma mahali pa dhahabu na fedha. Soma tena maneno hayo. Sisi leo twakiona chuma kuwa kitu cha jembe na msumari, nasi twaweza kufikiri kwamba watu wale walijipamba kwa chuma kwa kukosa kilicho bora. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyechimba mawe yenye madini, akakata miti ya makaa, akavukuta mivukuto usiku na mchana mpaka jiwe likatoa chuma, alikuwa na haki ya kukivaa mkononi kwa fahari. Thamani ya pambo hutoka katika kile ambacho watu wanajua kuwa ni kigumu kupatikana. Dhahabu ilitoka Sofala, mbali sana kusini. Chuma kilitoka mikononi mwao.

Shanga za kioo ndizo zilizoletwa na bahari. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa karne ya 1, chataja miongoni mwa bidhaa zilizoletwa pwani ya Azania mashoka madogo, majambia, na vitu vya kioo vya namna mbalimbali; na waliovileta walirudi na pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Tangu siku hizo mpaka karne iliyopita biashara ya ushanga haikukoma, ila viwanda vyake vilihama: kwanza Bara Hindi, halafu Venice katika Italia, na kisha nchi ya Wacheki. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, aliandika majina ya shanga zilizopendwa siku zile. Ule mwekundu kama marijani uliitwa samesame, lakini watu waliutania kwa majina mengine. Waliuita kimaliza chakula, kwa kuwa mtu aliweza kuacha chakula chake ili aupate, na waliuita pia kivunja mji, kwa kuwa wanawake waliutamani mpaka wakajifilisi wao na waume zao. Hapana shaka majina hayo yalitungwa na wanaume waliokuwa wakidaiwa.

Mara Wareno walipofika, mapambo ya pwani yalikuwa yamekwisha kuwa ya fahari kubwa. Duarte Barbosa, aliyeandika kiasi cha mwaka 1517, aeleza wanawake wa Pemba, Mafia na Unguja kwamba walivaa hariri, na dhahabu nyingi ya Sofala, na fedha, katika mikufu, vipuli, vikuku na pete za miguuni. Pemba yaelekea pwani yetu. Hata leo mashua huvuka kati yake na Shimoni. Ni vigumu kudhani kwamba wanawake wa Wasini, au wa Vumba Kuu, ule mji wa kale uliokuwa karibu na Vanga ambao watawala wake waliitwa Madiwani, walikaa bila kujua majirani zao walivaa nini.

Kama unapenda kujua kitu kilitoka wapi, mara nyingine inatosha kuuliza jina lake. Chuma, pete na ushanga ni maneno ya asili ya lugha zetu za Kibantu. Dhahabu, fedha na lulu ni ya Kiarabu. Johari ilitoka Uajemi ikapita Uarabuni kabla ya kufika kwetu. Bangili ni ya Bara Hindi, na hata fundi mwenyewe, sonara, aliitwa hivyo huko kabla hajavuka bahari. Jina lake lilisafiri pia upande wa pili, likapanda milima. Katika Nepal, nchi iliyo chini ya vilele vya Himalaya, mafundi wa dhahabu na fedha huitwa Sunar, nalo ni lile lile neno letu lililobadilika kidogo tu. Huko bibi arusi huvikwa na mumewe nyuzi za shanga ndogo za kioo ziitwazo pote, mara nyingi nyekundu, pamoja na kipande cha dhahabu kiitwacho tilhari. Na kwa desturi yao ya zamani, mumewe akifa huzivua. Baada ya kurasa mbili tatu utaona kwa nini nimekupeleka mbali hivyo.

Sasa tuingie katika karakana ya sonara. Hakuwa na mashine. Alikuwa na jiko la makaa, mivukuto, fuawe, nyundo ndogo za uzito mbalimbali, koleo, tupa, kalibu za kusubia, na chamburo, yaani bamba la chuma lenye matundu yanayopungua ukubwa moja baada ya jingine. Fedha iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu ikawa kijiti. Kijiti kikafuliwa, kikapitishwa katika tundu kubwa la chamburo na kuvutwa kwa nguvu, halafu katika tundu dogo zaidi, halafu katika dogo zaidi, mpaka kikawa uzi mwembamba kama wa kushonea. Kwa uzi huo alisuka mikufu na kuchora maua juu ya kidani, akaushika kwa lehemu akipuliza moto kwa mrija. Mafundi wa namna hii walikuwako Lamu na Mombasa, wengine Waswahili, wengine wa asili ya Bara Hindi. Wakamba nao, ambao misafara yao ilishuka pwani katika karne ya 19 na baadhi yao wakaweka makao kati ya Waduruma na Wadigo, walisifiwa kwa mikufu membamba ya shaba ambayo huwezi kuona mahali ilipounganishwa.

Lakini fedha yenyewe, madini, ilitoka wapi? Pwani yetu haina machimbo ya fedha. Hapa ndipo historia inapokuwa tamu.

Neno letu fedha lina maana mbili, madini na pesa, na kwa sonara wa zamani maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja, kwa sababu aliyeyusha sarafu. Mteja hakuja dukani kuchagua pambo lililokwisha kutengenezwa. Alikuja na sarafu zake, akazihesabu mbele ya fundi, akaeleza anataka nini, kisha akarudi baadaye kuchukua pambo lenye uzito wa zile sarafu, akalipa ujira. Katika karne ya 19 sarafu kubwa ya pwani ilikuwa reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu zake ziliendelea kupigwa miaka mingi zikiwa na mwaka ule ule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika hawakuiamini sarafu yenye sura nyingine. Reale moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 6 za uzito huo sehemu 5 zilikuwa fedha safi. Basi jambo la kushangaza ni hili: sura ya malkia wa Ulaya iliyeyuka katika makaa ya minazi ikawa furungu katika mguu wa mwanamke wa Vanga.

Baadaye ikashika nafasi rupia ya Bara Hindi. Rupia ilikuwa na uzito wa tola moja, karibu gramu 11 na sehemu 7 za kumi, nayo tola ndiyo kipimo cha masonara. Kwa hiyo fundi aliweza kuitumia rupia kama jiwe la mizani. Katika kila sehemu 12 za rupia, 11 zilikuwa fedha safi. Kisha, mwaka 1920, serikali ya kikoloni ilileta florini, ambayo nusu yake tu ilikuwa fedha. Haikudumu. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki, ambayo robo yake tu ilikuwa fedha, na rupia ikaacha kuwa pesa halali. Mwaka 1948 hata ile robo ikaondolewa, shilingi ikawa ya shaba na nikeli.

Hebu shika kalamu tufanye hesabu ndogo. Tuseme mwanamke wa Msambweni mwaka 1915 ameuza nazi zake na mikeka yake mpaka amepata rupia 20. Akiziweka katika chungu na kukifukia chini ya kitanda, mwaka 1921 atalazimika kuzitoa na kubadilishiwa, rupia moja kwa shilingi mbili. Rupia moja ilikuwa na karibu gramu 11 za fedha safi. Zile shilingi mbili alizopewa hazikuwa na gramu 4. Akikawia kuzitoa, basi mkononi anabaki na sarafu isiyokubaliwa dukani. Lakini mwenzake aliyepeleka rupia zake 20 kwa sonara akatengenezewa furungu la gramu 233, huyo hakuguswa na amri yoyote. Serikali yaweza kuibatilisha sarafu. Furungu haliwezi kubatilishwa. Wako watu waliowacheka akina mama wa pwani kwa kuvaa mali yao miguuni badala ya kuiweka benki. Ukiisha kufanya hesabu hii utaniambia nani alistahili kuchekwa.

Faida hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa mwanamke wa Kidigo, na sababu yake ni hii. Kwa ada ya Wadigo wa zamani, mali ya mwanamume haikurithiwa na watoto wake wa kuzaa, ila na wapwa zake, yaani watoto wa dada yake. Uislamu ulipoenea sana miongoni mwao, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, sheria yake ilileta mafungu mengine ya urithi, na humo watoto na wajane wana sehemu zao. Basi ada na sheria zikawa zinavutana juu ya kila shamba na kila mnazi. Mjomba alidai, mtoto alidai, kadhi alisema lake, wazee walisema lao, na mabwana wa wilaya wa Kiingereza walijaza majalada. Katika mvutano kama huo mnazi una udhaifu mmoja: haujui mwenyewe. Furungu lililo mguuni mwa mtu halihitaji hati. Isitoshe, sheria ya Kiislamu inasema kwamba mahari ni mali ya bibi arusi mwenyewe, wala si ya baba yake wala ya mumewe; na mahari yaliyolipwa kwa mapambo yalikuwa yamekwisha kufika mwilini mwa mwenyewe siku ile ile.

Sasa sitaki udhani kwamba pambo lilikuwa akiba tu. Lilikuwa pia lugha, na watu wote wa mji waliisoma. Mtoto mchanga alivishwa hirizi na shanga nyeusi ili asidhuriwe na jicho la husuda. Msichana alipotobolewa masikio ilijulikana kwamba anakua. Wakati wa arusi somo wake alimfundisha si mapishi na adabu tu, hata namna ya kuvaa, kujifukiza udi, kutia hina na wanja. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha karibu na mwaka 1858, hakuona kuwa ni jambo dogo kumkumbusha asikose pete na hina na wanja. Aliliweka katika wasia ule ule aliomwachia juu ya Mungu na dini. Bibi arusi wa pwani ya kusini alivikwa doti ya kisutu, na juu yake fedha yote ambayo mama, shangazi na nyanya waliweza kukusanya, nyingine kwa kuazima. Hakuna aliyeona haya kuazima. Ilikuwa kama kusema kwamba ukoo mzima unasimama pamoja naye.

Na pambo lilisema pia kwa kutokuwapo. Mume akifa, mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, na katika muda huo havai mapambo wala hajitii manukato. Masikio matupu ya mwanamke aliyezoea kuvaa majasi yalitangaza msiba kuliko kilio. Ndiyo maana nilikupeleka Nepal: watu wale hawakutufahamu sisi wala sisi hatukuwafahamu wao, dini zetu ni mbalimbali, na mwamba wetu na mlima wao havijaonana, hata hivyo mjane wa kule alivua shanga zake kama mjane wa Msambweni alivyovua fedha yake.

Wanaume nao hawakusahauliwa, ila sehemu yao ilikuwa ndogo. Dini ilimkataza Mwislamu mwanamume dhahabu na hariri, lakini haikumkataza pete ya fedha, na pete yenye kito cha akiki ilikuwa alama ya mtu wa heshima. Methali yasema chanda chema huvikwa pete, na kwa kweli pwani hii pete iliwapendeza wenye vyeo. Hapo pana upande mchungu ambao haifai niufiche. Zamani za utumwa mavazi yalimtenga mtu na mtu. Mtumwa alivaa kaniki au kitambaa cha Marekani kisicho na rangi, akaenda kichwa wazi na miguu mitupu, na fahari ya mapambo ilikuwa ya waungwana. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Baada ya hapo wanawake waliokuwa watumwa walianza kujifunika leso nzuri na kujipamba kama wengine. Baadhi ya waungwana walinung'unika kwamba siku hizi huwezi kumtambua mtu. Mwanamke aliyenunua kipini chake cha kwanza kwa pesa aliyoichuma mwenyewe alikusudia jambo hilo hilo.

Tangu lini basi furungu liliacha mguu likaingia kashani? Halikuacha siku moja. Sarafu za shilingi hazikufaa tena kuyeyushwa. Dhahabu ikawa ndiyo itakiwayo katika arusi, na baadaye dhahabu ya Dubai, nyepesi, ya kunjano kali, iliyotengenezwa na mashine. Vijana wakaona fedha nzito kuwa ya kizee. Mwezi Januari 1980 bei ya fedha duniani ilipanda mpaka karibu dola 50 kwa wakia moja, na katika nchi nyingi watu walitoa vijiko, sinia na mapambo ya wazee wao wakayapeleka kuyeyushwa. Wakati huo hoteli zilikuwa zimekwisha kujipanga ufuoni Diani, na mgeni aliyetaka kumbukumbu ya pwani alinunua ushanga wa Kimasai, nao ni mzuri, lakini si wa pwani hii. Baadhi ya kazi za mafundi wa zamani zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Zaweza kuonekana humo kwa kulipa kiingilio.

Nimeahidi kukuambia habari za yule bibi. Kijana alikuwa ameitwa shule ya sekondari na karo ilikuwa haijatimia. Jambo hilo nililielewa kwa maneno machache waliyosemezana. Sikuona sababu ya kumlaumu mtu. Mwanamke aliyelifua furungu lile, yaani aliyetoa sarafu zake lifuliwe, alikusudia litumike siku ya haja, na hii ilikuwa siku ya haja. Mizani ilisema neno lake, sonara akafanya hesabu yake kwa tola na kwa gramu, bibi akaitazama karatasi ingawa hakujua kusoma, akamtazama mjukuu. Kijana akatikisa kichwa kwamba hesabu ni sawa.

"Basi lichukue moja," akasema bibi. "La pili nitarudi nalo nyumbani. Kwanza mpe huyu aliandike."

Sonara hakuelewa, hata mimi sikuelewa. Lakini kijana alifahamu. Akatoa daftari lake la hesabu, akalifungua ukurasa wa mwisho, akaliweka furungu lililouzwa juu ya karatasi na kulizungushia kalamu. Kisha akaanza kuchora nakshi zake, jani baada ya jani, nasi wote watatu tukamngojea mpaka akamaliza.